Wapanda Farasi wa Mfalme

Katika vikosi vinavyomlinda Mfalme wa Uingereza, hakuna kinipendezacho kama Blues and Royals, ambacho, ijapokuwa kiliundwa mwaka 1969 kwa kuunganishwa vikosi viwili, nasaba yake yafika 1661, zama za Mfalme Charles II, alipoandikisha jeshi la kwenda kuihami bandari ya Tangier huko Moroko.

Libasi yao ya sherehe ni koti la buluu, dirii ya chuma kifuani na mgongoni, mabuti meusi yapitayo magoti, na chapeo yenye shungi jekundu. Wenzao wa Life Guards huvaa koti jekundu na shungi jeupe. Atazamaye kwa makini ataona pia kwamba Blues and Royals hufunga ukanda wa chapeo chini ya kidevu, na Life Guards chini ya mdomo. Na kwa Blues and Royals, begani kushoto pana alama ya tai, ukumbusho wa ile bendera ya Wafaransa iliyotwaliwa na Kapteni Alexander Clark huko Waterloo, Juni 1815.

Lakini ada niipendayo zaidi ni saluti yao: huipiga hata wakiwa kichwa wazi, kwa sababu Lord Granby, akiongoza shambulio la Warburg mwaka 1760, aliangukwa na kofia pamoja na nywele zake za bandia, akamwamkia mkuu wake vivyo hivyo.

Wastahili hongera hasa askari wa chini, ambao hung'arisha chuma na ngozi kwa saa nyingi kabla ya ukaguzi, maana walio nadhifu kuliko wenzao ndio wapewao zamu ya kulinda juu ya farasi.