Kitabu cha Tippu Tip na Sisi Watu wa Kasongo

Kuna kitabu kimoja ambacho watu wa Kasongo na Kabambare hukitaja mara nyingi, nao waliokisoma ni wachache. Ni habari za maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye babu zetu walimjua kwa jina la Tippu Tip. Aliziandika mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akazigeuza kwa herufi za Kilatini na kuzichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Mwandishi alifariki Unguja mwaka 1905. Halafu W. H. Whiteley akakitoa kitabu kwa Kiswahili na Kiingereza mwaka 1958 na 1959, na mwaka 1974 Padri François Bontinck, wa shirika la Scheut, akakitoa kwa Kifaransa huko Brussels pamoja na maelezo mengi sana.

Twataka kukipima kitabu hicho leo, kwa sababu jina la mwandishi wake halikosi kutajwa majirani wanapogombana. Mkristo akikasirika asema, "Babu zenu waliwauza babu zetu." Mwislamu ajibu kwamba bila babu zake Kasongo isingekuwa mji, wala tusingekuwa na lugha ya kusemezana. Kila mmoja adhani kitabu kiko upande wake. Sisi tumekisoma mara mbili, na twaona hakiko upande wa huyu wala wa yule.

Tuanze na haki yake. Kiswahili chake ni kizuri, kikavu, cha mtu aliyezoea kuhesabu. Anasema alikopa mali kwa nani, alitoka lini, alipigana na nani, akapata pembe ngapi. Hajipaki mafuta. Vita vyake anavisimulia kama mtu asimuliavyo mvua ya jana. Vitabu vingi vya safari za siku zile viliandikwa na Wazungu waliokuwa wakitaka kusifiwa kwao. Huyu aliandika kama mfanyabiashara anayefunga daftari lake. Na aliandika kwa Kiswahili, yeye aliyekuwa Mwarabu kwa ukoo. Kwa hiyo mtoto wa shule ya Kasongo akipewa kitabu hiki aweza kukisoma bila mkalimani, ingawa maneno ya pwani yatamsumbua hapa na pale.

Sehemu tuliyoipenda kuliko zote ni ile ya Kasongo Rushie. (Msomaji asichanganye: huyo alikuwa mtawala wa nchi ya Watetela, si mji wetu.) Tippu Tip alipokuwa bado mbali na nchi ile, alisikia kwa mtu mmoja kwamba zamani, katika vita na Waluba, wanawake wawili wa ukoo wa mtawala yule walichukuliwa wakapotea. Aliuliza habari zote kwa makini, akazihifadhi. Kisha alipofika akatangaza kwamba babu yake mzaa mama, Habib bin Bushir el Wardi, alimpata mmoja wa wanawake hao katika safari zake, akamwoa, na kwamba mama yake Tippu Tip ndiye aliyezaliwa. Basi yeye ni mjukuu, amerudi kwao. Mzee Kasongo Rushie akafurahi, akamkabidhi utawala, na pembe zikaanza kumjia pasipo bunduki kulia.

Mwandishi anayasimulia haya pasipo haya, kama mtu anayeeleza alivyopata bei nzuri sokoni. Wasomaji wengi hucheka wakifika hapo, wamsifu kwa akili yake. Sisi tulicheka pia mara ya kwanza. Mara ya pili tulimtazama yule mzee. Huyo alikuwa mtu ambaye, kwa miaka mingi, hakuwasahau mabinti wawili waliochukuliwa. Alipoletewa mtu wa rangi nyingine, wa dini nyingine, mwenye nguo za pwani na jeshi nyuma yake, hakuuliza kama mgeni huyo anafanana naye. Aliuliza kama ni mtoto wa ndugu yake, na alipoambiwa ndiyo, akampa kiti. Desturi ya watu wa huku ilikuwa na mlango mpana kiasi hicho. Tippu Tip aliuona mlango, akaingia, wala hakutambua thamani ya nyumba yenyewe. Hilo ndilo pungufu kubwa la mwandishi huyu. Ana macho ya kuona njia, mito, ngome na meno ya tembo, lakini undugu kwake ni chombo cha kazi.

Tazama pia maneno yake. Watu wa bara, karibu wote, kwake ni "washenzi". Wale wanaofuatana naye, wenye kanzu na bunduki, ni "waungwana". Huko pwani mwungwana ni mtu aliyezaliwa huru, asiye mtumwa. Je, hao waungwana wa Maniema walikuwa nani? Wachache walitoka pwani. Wengi walikuwa vijana wa Kikusu, wa Kizimba, wa Kisonge, wa Kibangubangu, waliochukuliwa vitani au waliojitia wenyewe chini ya mkubwa ili wasichukuliwe. Wakapewa bunduki, wakatahiriwa, wakajifunza sala na lugha, wakaitwa Wangwana. Hivyo jina la mtu huru likavikwa watu ambao wengi wao hawakuwa huru. Na lugha yao ikaitwa Kingwana. Wakristo tunaoimba leo kwa Kiswahili katika parokia za Kasongo na Kabambare twatumia lugha iliyopandwa huku na hao. Kitabu hakielezi walijifunzaje, nani alimfundisha nani, mama gani alimwimbia mtoto wake kwa lugha mbili. Mwandishi hakuona kwamba habari hiyo ni habari.

Na wanawake? Karibu hawamo, isipokuwa wale wanaotekwa au kuolewa. Anayetaka kuwaona wanawake wa nchi hii siku zile hana budi kufungua daftari za David Livingstone. Mgeni huyo alikaa Kabambare miezi mingi mwaka 1870 kwa vidonda vya miguu, halafu mwaka 1871 akakaa Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba. Aliandika kwamba soko la Nyangwe lilijaa watu maelfu, wengi wao wanawake, wenye kubeba samaki, vyungu, mihogo na kuku, na kwamba hata vijiji vyao vikiwa vitani, mwanamke wa sokoni alipita bila kudhuriwa. Tufikiri kidogo juu ya jambo hilo. Kabla ya mtawala wa Kiarabu, kabla ya Mbelgiji, kabla ya misioni, watu wa kabila mbalimbali walikuwa na mahali pa kukutana, nao walipatunza kwa sheria isiyoandikwa. Tarehe 15 Julai 1871 watu wenye bunduki, watu wa wafanyabiashara wa pwani, walipiga risasi katikati ya soko lile. Mamia walikufa, wengine kwa risasi na wengine kwa kuzama mtoni. Tippu Tip hakuwapo siku ile. Yeye alifika Nyangwe mwaka 1874. Tusimtwike damu ambayo si yake. Lakini biashara aliyoieneza ndiyo iliyovunja amani ya namna ile, na katika kitabu chake hatusikii akiihuzunikia.

Sasa twaja kwa ndugu zetu wanaosema, "Babu zenu waliwauza babu zetu." Wasome mambo yaliyofuata. Tippu Tip aliondoka huku mwaka 1890, asirudi tena. Tarehe 22 Aprili 1893 jeshi la Dhanis liliuteka mji wa Kasongo, na mwezi wa Januari 1894 Kabambare nayo ikatekwa. Ni nani waliokuwa katika jeshi hilo? Wazungu wachache, askari wa Serikali ya Leopold, na kundi kubwa la watu wa Ngongo Lutete. Na Ngongo Lutete alikuwa nani? Alikuwa mtu wa Tippu Tip, aliyemtekea watumwa na kumkusanyia pembe, kisha akageuka. Mwezi wa Septemba 1893 Wabelgiji wakamwua kwa risasi. Basi yule anayejidai kuwa mjukuu wa waliokombolewa, huenda ni mjukuu wa watekaji; na yule anayetukanwa kuwa mjukuu wa Waarabu, mwulize kijiji cha babu yake, naye mara nyingi atakutajia kijiji cha Kikusu au cha Kibangubangu. Waarabu wenyewe wakubwa walikufa au walikimbia. Waliobaki Kasongo ni watoto wa nchi.

Wabelgiji waliwaita hao, kwa Kifaransa, arabisés, yaani waliogeuzwa Waarabu. Nasi watu wa misioni tulilipokea jina hilo bila kuuliza. Hapa haifai tumhukumu Tippu Tip na kujiachilia sisi. Yeye alisema "washenzi", vitabu vyetu vilisema "wapagani". Mara nyingi walikuwa ni watu walewale. Na kuhusu shule twajua yaliyotokea. Shule zilikuwa za misioni. Waislamu wengi waliogopa kuwaleta watoto wao wasije wakabatizwa, na mara nyingi hawakukosea kuogopa. Shule za serikali zisizo za dini zilianza kufunguliwa kwa Waafrika mwaka 1954 tu. Kufika Uhuru mwaka 1960, karani, mwalimu na mwuguzi wa Kasongo walikuwa kwa kawaida Wakristo, na jirani zao Waislamu wakabaki na biashara ndogo, ushonaji na mashamba. Jambo hilo watu wa Kasongo hawajalisahau, nasi tukiandika habari za mwanzo wa misioni hulipita upesi, kama Tippu Tip alivyowapita wapagazi wake.

Mtaguso wa Vatikano, tarehe 28 Oktoba 1965, uliwaambia Wakatoliki wawaheshimu Waislamu, tena uliwasihi watu wa pande zote mbili wasahau magomvi ya zamani na kutafuta kuelewana. Twapokea neno hilo. Ila kwa Kasongo twaona kuna kazi ya kufanywa kabla ya kusahau, maana kila mmoja anakumbuka nusu tu, ile inayomfaa. Na nusu hizo zina hatari. Tangu mwaka 2017 hivi, pale Salamabila katika Kabambare, kando ya machimbo ya dhahabu ya Namoya, bunduki zimelia tena mara kwa mara, na neno linalotangulia bunduki ni lilelile: nani mwenyeji na nani amekuja tu. Ukimpa kijana mwenye hasira historia nusu, umempa kitu cha kupakia.

Je, kitabu hiki kisomwe katika parokia? Sisi twasema ndiyo, na twasema kisisomwe peke yake. Kisomwe kwa sauti, jioni, watu wakiwa wamekaa pamoja, nao wazee waachwe waingilie kati. Padri Bontinck alifanya kazi kubwa ya maelezo, lakini aliyafanya kwa Kifaransa, kwa wataalamu. Maelezo ya Kiswahili, kwa msomaji wa Kasongo, bado yanahitajiwa: maneno ya pwani yafafanuliwe, na majina ya nchi na watawala yalinganishwe na majina tunayoyatumia sisi. Zaidi ya hayo, pale ambapo mwandishi anasema aliteka watu, bila kusema ni watu gani, iandikwe pembeni ni kijiji gani, kama yupo anayejua. Wapo wanaojua. Mzee Mwislamu wa Kasongo anakumbuka ukoo wa babu yake kabla hajaitwa Mngwana. Mama Mkristo wa Kabambare anakumbuka dada wa bibi yake aliyechukuliwa. Huenda watu hao wawili wakaona wanataja kijiji kimoja.

Bei ya chapa za nje ni kubwa, na hapa kwetu hazionekani. Mwalimu mmoja mwenye kompyuta na kitabu cha kuazima angeweza kuanza na kurasa za Kasongo Rushie.