"Nyumbani" kwa Nani? Uhakiki wa Istilahi ya Makao ya Mtumiaji wa Kompyuta kwa Mifano ya Mbeya na Iringa

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ilidhihirika kwamba Kiswahili kinaweza kubeba menyu nzima ya programu ya ofisini. Kazi hiyo ilihusu hasa yale yanayoonekana kwenye skrini. Nyuma ya skrini kuna dhana isiyojadiliwa sana, nayo ni mahali ambapo programu huhifadhi mipangilio ya mtumiaji. Kwa Kiingereza mahali hapo huitwa home, na mfasiri hukimbilia "saraka ya nyumbani". Tafsiri hiyo ina kasoro.

Programu inapowashwa huhitaji kwanza kujua inaendeshwa kwa akaunti ya nani. Katika Linux na jamaa zake, jibu husomwa kwenye HOME, jina ambalo mfumo hulipa thamani mtu anapoingia katika akaunti yake. Thamani hiyo ikikosekana, programu makini huitazama orodha ya watumiaji: katika faili la /etc/passwd kila mtumiaji ana mstari wenye sehemu saba, na ya sita hutaja saraka yake. Windows hutumia USERPROFILE kwa makao na APPDATA kwa mipangilio. Thamani ya HOME ikibadilishwa kabla ya programu kuwashwa, programu huhama bila kunung'unika. Mipangilio ya awali haionekani tena, ingawa ipo palepale.

Kwa hiyo mahali hapa humfuata mtu. "Nyumbani" hutaja mahali pasipo kumtaja mwenyewe, ilhali "kwangu", "kwako" na "kwake" hazitamkiki bila mtu. Mkazi wa Mwanjelwa jijini Mbeya akiulizwa "kwenu ni wapi?" aweza kujibu Tukuyu, wa Kihesa, Iringa, akataja Mafinga. Hakuna anayedhani wamekosea anwani.

Rungwe ina mfano mgumu zaidi. Monica Wilson, katika Good Company (1951), alieleza vijiji vya rika vya Wanyakyusa: wavulana walijenga vibanda vyao na kulala huko na wenzao, lakini waliendelea kula kwa mama zao. Nyumbani kwa kijana huyo kulikuwa kupi? Kiwango cha XDG, kinachofuatwa na programu nyingi za Linux, kinagusa jambo la namna hiyo: mipangilio huwekwa katika .config, data katika .local/share, na vitu vya muda katika .cache.

Suala hili lingebaki la wanaisimu tu kama si steshenari. Katika maduka ya kuchapa na kutoa nakala, akaunti moja ya kompyuta mara nyingi huwahudumia wateja wote. Mwanafunzi anayefungua rasimu ya tasnifu yake kwa LibreOffice huliacha jina la faili katika orodha ya nyaraka za karibuni, ndani ya makao ya akaunti hiyo. Kuchomoa flashi hakuifuti orodha. Mteja anayefuata akifungua menyu ya Faili hulikuta jina hilo, na pengine jina la barua ya kuacha kazi au la shauri la talaka. Programu haijakosea, kwayo, wote hao ni mtumiaji mmoja. Aliyefundishwa kwamba hapo ni "nyumbani" ana kila sababu ya kudhani kwamba pana faragha.

"Kwa mtumiaji" ingekuwa sahihi zaidi, lakini haisimami vizuri kama nomino, na "saraka ya kwake" inakwaza ulimi. "Makao ya mtumiaji" inafaa: inamtaja mwenyewe, na inamwachia msomaji nafasi ya kuuliza ni mtumiaji yupi. Itapoteza ule ukunjufu wa "nyumbani", hasara ndogo. Jina "Nyaraka Zangu", ambalo ni tafsiri ya moja kwa moja ya jina la kabrasha la Windows XP, lilikuwa na mwenyewe, lakini wa nafsi ya kwanza. Kwenye kompyuta ya steshenari kila mteja huambiwa kwamba nyaraka za waliomtangulia ni zake.