Zuhura Mwenye Silaha: Lakabu ya "Mungu wa Mapenzi" na Hasara Zake

Ni mazoea ya muda mrefu katika vitabu vya visasili kuwapanga miungu kwa kazi zao: huyu wa bahari, yule wa vita, mwingine wa mapenzi. Mpango huu humrahisishia msomaji mambo na hauna haja ya kubezwa mno. Hata hivyo, panapohusika Inanna wa Wasumeri, ambaye Waakadi walimwita Ishtar na ambaye nyota yake ni ile ijulikanayo kwa Kiswahili kama Zuhura, mpango huo humfanya mhakiki aisome nusu ya matini kana kwamba ni kasoro. Makala haya yanadai kuwa lakabu ya "mungu wa mapenzi" haimwelezi mhusika huyu. Ni hukumu iliyokwisha kutolewa juu yake, na chanzo cha hukumu hiyo kinaweza kuonyeshwa katika fasihi yenyewe.

Ushahidi unaotajwa aghalabu ni kibao cha sita cha Utendi wa Gilgamesh. Ishtar anamposa shujaa. Shujaa anakataa, kisha anamsomea orodha ya wapenzi aliowaangamiza: Dumuzi, ndege aliyevunjwa bawa, simba, farasi, mchungaji aliyegeuzwa mbwa-mwitu, mtunza bustani. Wahakiki wengi wameridhika kuona hapa ukigeugeu wa mapenzi. Lakini posa yenyewe inaahidi nini? Gari la dhahabu na vito vya samawati, na wafalme wa kumsujudia Gilgamesh. Hayo ni mambo ya utawala. Na anapokataliwa, Ishtar anamwendea baba yake Anu kudai Fahali wa Mbinguni, akitishia kuvunja malango ya kuzimu ili wafu watoke na kuwala walio hai. Hiki si kilio cha mchumba aliyeachwa. Anayesema hivyo ana mamlaka juu ya mpaka wa uhai na mauti. Tzvi Abusch alikwenda mbali zaidi mwaka 1986 alipoifasiri posa hiyo kuwa mwaliko wa kuingia kuzimu. Hata asiyekubaliana na fasiri hiyo atatambua kwamba imeyapa maneno ya Gilgamesh uzito ambao fasiri ya ukigeugeu haikuweza kuyapa.

Utungo wa Kisumeri unaosimulia kushuka kwa Inanna kuzimu, wenye mishororo ipatayo 400, unalidhihirisha jambo hili zaidi. Inanna anapita malango saba akivuliwa pambo au vazi katika kila lango, hadi anapofika uchi mbele ya dada yake Ereshkigal. Anakaziwa jicho la mauti, anakuwa maiti, anatundikwa. Baada ya kufufuliwa anatakiwa kutoa mtu wa kushika nafasi yake. Anamkuta mumewe Dumuzi ameketi kitini kwa fahari, amevaa mavazi mazuri, hana dalili ya matanga. Hapo mtunzi anarudia kuhusu Inanna maneno yale yale yaliyotumiwa kuhusu hukumu aliyopewa kuzimu: jicho la mauti, sauti ya ghadhabu. Urudiaji huu si pambo la masimulizi simulizi tu. Unaonyesha kwamba mke huyu amerudi akiwa na uwezo uliomuua. Katika toleo la Kiakadi, ambalo ni fupi zaidi na halifiki mishororo 150, ndipo tunaposoma kwamba kutoweka kwa Ishtar kulikomesha kujamiiana kwa wanyama na watu. Utungo wa Kisumeri hauna habari hiyo. Ni ajabu basi kwamba muhtasari wa visasili hivi hutanguliza kila mara toleo fupi.

Utengano wa mapenzi na vita unapatikana bayana kwa Homer. Katika kitabu cha tano cha Iliad, Aphrodite anajitosa vitani kumwokoa mwanawe Aeneas, anajeruhiwa mkononi na Diomedes, na anakimbilia Olympus. Zeus anatabasamu na kumwambia kuwa vita si kazi yake. Ashughulikie ndoa, vita awaachie Ares na Athena. Kauli hiyo ya baba ndiyo iliyogeuka kuwa kanuni ya vitabu vya marejeo. Wagiriki wenyewe hawakuitii sana. Pausanias, katika karne ya pili baada ya Kristo, aliziona sanamu za Aphrodite mwenye silaha Sparta na Kythera, na Herodotus alikwisha kuandika kwamba hekalu la Kythera liliasisiwa na Wafoinike, yaani watu waliotoka upande wa Ishtar. Sappho naye, anapomwomba mungu huyu amsaidie katika mapenzi, anamwita kwa neno la mshirika wa vitani.

Kwa mtafiti wa Kiswahili, Zuhura ni nyota na pia jina la kike. Katika baadhi ya riwaya za wafasiri wa Kurani kuhusu malaika Harut na Marut wa Babeli, mwanamke mzuri anawanywesha pombe malaika hao, anajifunza kwao neno la kupandia mbinguni, na huko anageuzwa kuwa nyota hiyo. Ibn Kathir alizitia shaka riwaya hizo na kuzihesabu miongoni mwa visa vya Waisraeli. Kwa mhakiki, linalovutia ni muundo wake. Katika kisasili kimoja cha Kisumeri, Enki analewa karamuni na kumkabidhi Inanna siri za ustaarabu, zikiwamo ufalme, ukahaba, uandishi na uangamizaji wa miji. Kufanana huku hakuthibitishi urithi wa moja kwa moja. Pombe ipo kote kuwili, mwanamke yupo, na siri ya mbinguni inatoka mikononi mwa walinzi wake. Huyu wa riwaya anageuzwa nyota kwa adhabu. Inanna anazipakia siri katika mashua yake na kupokewa kwa shangwe Uruk.