Kilumi, Gitaa na Mvua: Nyimbo za Wakamba na Mazingira Yao

Wahakiki wengi wa fasihi simulizi hushikilia kwamba gitaa limeihifadhi ngoma ya jadi: fani imebadilika, maudhui yamebaki. Kauli hiyo, ikipimwa kwa nyimbo za Wakamba wa Kitui na Makueni, haisimami.

Kilumi ni ngoma ya wazee, hasa wanawake, na huenda sambamba na sadaka za ithembo, yaani kichaka kitakatifu ambamo mti haukatwi. Hadhira yake ya kwanza si watu bali aimu, roho za wahenga. Wimbo hauielezi mvua, unaiomba. Kwa hiyo mti, mawingu na ardhi si maudhui ya kilumi; ni washiriki wake. Na ombi hilo si pambo la lugha. Mkulima wa huko hutegemea mvua za Oktoba hadi Desemba kuliko zile za Machi hadi Mei, na wazee huhesabu historia kwa majina ya njaa, kama ile ya Ngomanisye ya mwishoni mwa karne ya 19.

Bendi za miaka ya 1970 na 1980, kama Kilimambogo Brothers ya Kakai Kilonzo, aliyefariki mwaka 1987, zilibadili hadhira. Wimbo ukaelekezwa kwa watu: mapenzi, fedha, maonyo. Ukame ukawa habari ya kusimuliwa. Kilonzo aliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili pia, akapata wasikilizaji Kenya nzima. Faida hiyo haibezwi. Lakini wimbo wa Kiswahili unaotaka kulitaja ithembo utatumia neno gani? Lipo mzimuni, ila kwa msikilizaji wa mjini neno hilo huleta hofu tu, si kivuli cha mti wala tumaini la mvua.

Huenda ikadaiwa kwamba gitaa halina kosa, kwani Idir, Mkabylia wa Algeria, katika miaka ya 1970 alilitumia kuimba kisa cha kale cha binti, baba yake na zimwi la msituni, na kisa kikavuka bahari bila kupungua. Ni kweli. Lakini ngano husafiri, kwa kuwa ni maneno. Kilumi ni tendo, na tendo lina mahali pake.

Mahali hapo ndipo penye hatari. Mito ya msimu, kama Thwake na Tiva, huficha maji ndani ya mchanga wake. Malori yalipouzoa mchanga kujengea majumba ya mijini, visima vilikauka. Makueni ilitunga sheria ya mchanga mwaka 2015, na Kitui mwaka 2018 ilizuia makaa na mchanga kuuzwa nje ya kaunti. Wakati huohuo kilumi hupandishwa jukwaani, dakika chache mbele ya waamuzi, kikapigiwa makofi kwa jina la urithi. Mcheza huyo ameombea mvua wapi?

Wakusanyaji wa vyuo vikuu nao hawakwepi lawama. Hunasa maneno na mapigo kwa uangalifu mkubwa, wakaandika jina la wilaya na tarehe. Ni nadra kukuta katika kumbukumbu zao jina la ithembo, aina ya mti uliosimama hapo, mto ulio karibu, au kama mti huo ungalipo.