Akida wa Vita na Akida wa Kodi

Mwanafunzi mmoja wa hapa Msasani alitaniwa na wenzake kwa kuwa babu wa babu yake aliitwa akida. Walimwambia kwamba ukoo wake ni wa watoza ushuru. Mwalimu wao, akitaka kumtetea, alifungua Desturi za Wasuaheli, akamkuta akida miongoni mwa wakubwa wa mji, mtu wa heshima. Naye akatuuliza, yupi ni wa kweli? Twamjibu kwamba wote wawili ni wa kweli, ila kitabu hakikumsaidia kuwatenga.

Kitabu chenyewe twakipenda. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo pamoja na wenzake waliandika kwa kuombwa na Carl Velten, kikapigwa chapa huko Göttingen mwaka 1903. Kiswahili chake ni cha Mrima hasa, na ni vigumu kupata kingine cha kukilinganisha nacho. Lakini kasoro yake ni hii: desturi zaelezwa kana kwamba hazina mwaka. Jumbe, shaha, waziri, amiri na akida wamesimama pamoja kama miti ya shamba moja, hali mwaka 1903 mmoja wao alikwisha kung'olewa na kupandwa mahali pengine.

Jina latoka katika Kiarabu, shina moja na neno letu akidi, lenye maana ya kufunga na kuunganisha. Katika majeshi ya Waarabu hata leo ni cheo cha ofisa, sawa na kanali wetu. Akida wa zamani wa Mrima alikuwa kiongozi wa watu wenye silaha. Kazi yake iliamka na vita, na amani iliporudi, mji ulikuwa wa jumbe.

Vita vya mwaka 1888 viligeuza mambo. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889, na serikali ya Kidachi ilipokwisha kukaa pwani, ilihitaji watu wa kusimama kati ya bwana mkubwa wa boma na majumbe. Ikalitwaa jina la akida, ikampa mwenye jina hilo kazi ya kukusanya kodi ya nyumba, iliyoamriwa mwaka 1897, na kukata mashauri madogo. Tena mara nyingi ikampeleka kwa watu wasio wake. Kazi ya akida wa kwanza haikuandikwa katika sheria yoyote, ndiyo sababu ilikuwa rahisi kuibadilisha na kumwachia jina tupu.

Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba Nandete, kisha wakamwendea akida wa Kibata. Asomaye habari hiyo akiwa na Desturi mkononi atadhani walimwendea jemadari. La, walimwendea mtoza kodi. Vita vya mwaka 1914 vilipokuja, akida alirudishwa katika mambo ya vita, lakini kwa kutafuta wapagazi na chakula cha askari. (Twaona ajabu kwamba hakuna aliyefikiri kumpa jina jingine.)

Amiri alikuwa na bahati njema zaidi. Mwalimu Nyerere, aliyekaa miaka mingi hapa hapa Msasani, alikuwa Amiri Jeshi Mkuu, na Katiba ya mwaka 1977 yaandika wazi kwamba cheo hicho ni cha Rais. Hata baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, jeshi la zamani lilipovunjwa na Jeshi la Wananchi kuundwa Septemba mwaka ule ule, watu walijua ni nani mwenye amri ya kulivunja na kuliunda.

Basi, atakayetoa sehemu za Desturi kwa matumizi ya shule, na aandike miaka kando ya neno akida. Na yule mwanafunzi aulize nyumbani babu yake alikuwa akida wa mji gani, na kabla ya Wadachi au baada yao.