Nguzo Kichwa Chini

Kila mtembeza wageni wa Mji Mkongwe ana kichekesho chake cha Mkunazini. Akishakuingiza ndani ya Kanisa Kuu la Kristo, la Waanglikana, atakupeleka nyuma, penye ubatizo, akuoneshe nguzo kumi na mbili. "Zitazame vizuri," atakwambia. Ukizitazama unaona: kinachopaswa kuwa kichwa cha nguzo kiko chini, na tako lake liko juu. Hadithi ni kwamba Askofu Edward Steere, aliyelibuni kanisa, alikuwa safarini; mafundi hawakuwahi kuona nguzo za namna ile; aliporudi, kazi ilikuwa imekwisha. Wageni hucheka. Na mimi nilicheka, mara ya kwanza.

Nimerudi pale mara kadhaa tangu hapo, na kichekesho kimeanza kunikera. Tuko mahali palipokuwa soko la watumwa, na jambo pekee tunaloambiwa kuhusu mikono iliyolijenga kanisa ni kwamba ilikosea.

Kwanza jengo lipewe haki yake, maana ni kazi ya kijasiri. Anayezijua nyumba za Mji Mkongwe anajua kwa nini vyumba vyake ni virefu na vyembamba: paa hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Upana wa chumba huamuliwa na mti. Steere alitaka ukumbi mpana kuliko mti unavyoruhusu. Akaacha boriti, akatumia zege la saruji na matumbawe yaliyopondwa, akalipinda juu ya kuta kama pipa lililopasuliwa kwa urefu. Inasimuliwa kwamba wengi walitabiri paa litaanguka. Warumi waliifunika Pantheon kwa zege karibu miaka 1,900 iliyopita. Fikra ni ileile, ila kokoto za Mkunazini zimetoka katika bahari yetu. Paa halijaanguka.

Lakini kanisa hili si paa tu. Ni simulizi, nalo lapaswa kusomwa kama tunavyosoma simulizi yoyote: nani anasema, nani ametajwa, hadithi imekatwa wapi.

Simulizi yenyewe ni hii. Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga masoko ya watumwa. Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi likawekwa juu ya ardhi ya soko. Mwaka 1880 kanisa likakamilika. Madhabahu, tunaambiwa, ipo pale uliposimama mti wa kuwachapia watumwa, na duara la marumaru sakafuni ndiyo alama yake. Palipokuwa na mjeledi sasa pana mkate na divai. Ni mwisho mzuri mno, na mwisho mzuri mno humfanya msomaji makini arudi kuangalia tarehe.

Tarehe zinasema hivi: mkataba wa 1873 ulifunga masoko na biashara ya baharini. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Unguja na Pemba hadi 1897, na masuria wakasubiri hadi 1909. Kwa hiyo kengele za Mkunazini zilipoanza kulia juu ya paa lile jipya, mtu angeweza kupita nje ya ukuta akiwa bado mali ya mtu mwingine, na sheria ikaridhika. Jengo lilitangaza ushindi miaka 17 kabla ya sheria.

Kisha soma kuta. Lipo dirisha la kumkumbuka Livingstone, na msalaba uliochongwa kutoka mti wa Chitambo, Zambia, ulikozikwa moyo wake chini yake. Pia wanakumbukwa mabaharia wa Kiingereza waliokufa wakizisaka jahazi za watumwa. Steere mwenyewe, aliyefariki 1882, amelala nyuma ya madhabahu. Simnyimi nafasi yake. Mwaka 1870 alichapisha kitabu cha sarufi yetu na mkusanyiko wa hadithi alizozipata hapahapa Unguja, na Kiswahili ninachokiandika sasa kina alama ya kalamu yake. Lakini nimezunguka kuta zile nikimtafuta mtu mmoja aliyeuzwa pale, mwenye jina, na sikumwona. Wakombozi wana majina. Waliokombolewa ni umati.

Labda ndiyo maana wageni hukimbilia vyumba vya chini ya jengo la Mtakatifu Monika, hatua chache kutoka kanisani. Dari ni la kuinamia, mwanga unapenya katika vijidirisha vyembamba. Huambiwa hapa watumwa walifungiwa wakisubiri mnada. Watu hulia mle. Hata hivyo, jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na misheni kuwa hospitali, baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaosema vyumba vile havikuwahi kuwa magereza. Najua jibu la mjini: kwani kuna ubaya gani, si mateso yalikuwepo kweli? Yalikuwepo. Ndiyo sababu hayahitaji chumba cha kuazima. Katika visiwa hivi, ambako neno "mtumwa" bado linaweza kuvunja posa, na ambako historia hii imetumiwa sana majukwaani, uongo mdogo ni zawadi kwa yeyote anayetaka kudai kwamba yote yalitungwa.

Kazi iliyo kweli zaidi katika kiwanja kile ni ya 1998, ya mchongaji wa Sweden, Clara Sörnäs: sanamu za watu watano ndani ya shimo, minyororo shingoni. Hawainui macho mbinguni, wala hakuna anayewafungua. Huwezi kuwatazama ila kwa kuinama. Kanisa linakwambia imekwisha. Shimo halikuambii hivyo. Ila nao hawana majina.

Na majina yapo. John Swedi alikuwa mmoja wa wavulana watano waliotolewa jahazini na kukabidhiwa kwa Askofu Tozer mwaka 1864. Mwaka 1879, kanisa likiwa bado linajengwa, alifanywa shemasi. Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, alipata upadri 1890. Ziara ya Mkunazini ingeweza kuanza na watu hawa, kisha ndipo ije kwa Livingstone.

Mara ya mwisho nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nyuma kundi la wanafunzi wa sekondari lilipofika kwenye nguzo. Mtembeza wageni akatoa kichekesho chake, wakacheka. Msichana mmoja akauliza, "Samahani kaka, hao mafundi wenyewe walikuwa akina nani?"

Yule kaka akafikiri kidogo. "Watu wa hapahapa," akasema, kisha akawaongoza nje kuelekea shimoni. Msichana alibaki nyuma, akaweka kiganja chake juu ya nguzo, pale chini palipo kichwa chake.