Kina Kilichovunjika

Mwanafunzi mmoja wa Isiolo, wa ukoo wa Kisomali uliokaa mji huo tangu zama za babu zake, aliniletea shairi la safari ya ngamia. Vina vya ubeti wa kwanza vilikuwa safari, hodari, na kisha mahali. Mwalimu wake alipiga mstari mwekundu chini ya mahali. Kijana akanung'unika: maneno yote yaishia i, kosa li wapi?

Swali lake lastahili jibu. Maneno ya Kiswahili, ila machache, huishia irabu, na irabu zetu ni tano tu. Kama irabu peke yake ingetosha, lugha nzima ingekuwa na vina vitano, na hata maneno ya wachuuzi sokoni yangekuwa mashairi. Konsonanti ndiyo iletayo ugumu, na ugumu ndio utiao ladha. Kwa hiyo ri hujibiwa na ri. Wako washairi walioacha vina kabisa, kama Euphrase Kezilahabi katika Kichomi (1974), nao wana hoja yao. Huyu hakuviacha, aliahidi, kisha akavunja ahadi.

Wala si ulimi uliomponza. Wengi huchanganya l na r, hata kura ikawa kula, yeye sivyo. Katika lugha ya mama yake fal ni kutenda, far ni kidole.

Ajabu ni kwamba kwao konsonanti hutawala kuliko kwetu. Katika gabay, shairi refu la Kisomali, mtunzi huchagua sauti moja, tuseme d, na kila nusu ya mstari sharti iwe na neno lianzalo kwa d, toka mwanzo hata mwisho. Irabu zote huhesabiwa kuwa sauti moja. Konsonanti haina badala. Masikio ndiyo yaliyoilinda kanuni hiyo, maana Kisomali hakikupata maandishi rasmi hadi 1972. Nilimwuliza babu yake angesemaje mtu akitia b penye zamu ya d. Akacheka.

Lakini ubeti wake wa nne nausifu: kiangazi, kisima, kikavu, kiu, koo. Kweli, upatanisho wa Kiswahili humpa mtu ki- bila jasho; hata hivyo kuzifuatanisha hivyo, hata msomaji ahisi ukavu kinywani, ni kazi ya sikio. Mwalimu hakuandika neno pale.

Siku ya tatu kijana alirudi. Mahali limefutwa, pameandikwa hatari, na safari yenyewe imekuwa bora.